Duara Moja kwenye Ramani: Kwa Nini Kubadilisha Treni Ni Rahisi Hapa na Mateso Pale

Chukua ramani ya treni za chini ya ardhi za London. Tafuta Oxford Circus, kisha fuata mstari wa njia ya Victoria kwenda kusini, kituo kimoja tu, ufike Green Park. Vituo vyote viwili vimechorwa kwa duara, yaani hapa unaweza kushuka na kupanda treni ya njia nyingine.

Sasa shuka kwa miguu yako. Pale Oxford Circus, ukitoka treni ya Victoria inayokwenda kaskazini na ukitaka ya Bakerloo inayokwenda kaskazini pia, unavuka kijia kifupi tu na jukwaa la pili liko mbele yako. Hupandi ngazi wala kushuka. Pale Green Park, ukitoka Victoria ukitaka Piccadilly, una safari nyingine kabisa: ngazi, korido ndefu iliyojaa watu wa kwenda na kurudi, kisha ngazi tena. Mwenye miguu myepesi hajali sana. Mwenye sanduku zito, au mwenye mtoto mgongoni, atalikumbuka duara lile kwa muda mrefu.

Duara linakuambia tu kwamba njia zimekutana. Zimekutana namna gani, hilo halisemi, na kwa abiria hilo ndilo lenye uzito. Nimekuwa nikilifuatilia jambo hili kwa miaka, mji kwa mji, na kila mara nakuta urahisi wa kituo uliamuliwa zamani sana, siku wahandisi walipochagua kina cha handaki, au siku kampuni mbili zilipokataa kushirikiana.

Kwanza tuiondolee ramani lawama. Ramani ya London tunayoijua ilibuniwa na Harry Beck na kutolewa kwa umma mwaka 1933. Beck aliona kwamba mtu aliye chini ya ardhi hahitaji kujua mto unapinda wapi. Anachohitaji ni mpangilio, kituo gani kinafuata kipi na njia zinakutana wapi. Akanyoosha mistari, akasawazisha nafasi kati ya vituo, na miji mingi duniani ikafuata mtindo huo. Ni kazi nzuri mno. Ila ramani iliyofuta umbali wa juu ya ardhi ilifuta pia umbali wa ndani ya kituo, na hapo ndipo msafiri mgeni anapokwama. Leicester Square na Covent Garden zimetenganishwa na mita 260 hivi tu, umbali mfupi kuliko wote kati ya vituo viwili jirani katika mtandao ule. Kuna maduara London ambayo ndani yake utatembea kwa muda mrefu kuliko ambao ungetumia kutoka kituo kimoja kati ya hivyo hadi kingine kwa miguu barabarani.

Ubadilishaji mmoja wa treni umebeba mambo kadhaa. Kuna kutembea, kuna kupanda na kushuka, kuna kungoja, na kuna kutafuta, yaani zile sekunde unazosimama katikati ya watu ukisoma mabango. Kungoja kunategemea wingi wa treni. Njia ya Victoria saa za msongamano hupitisha hadi treni 36 kwa saa, yaani moja kila sekunde 100, kwa hiyo kwa wastani utangoja chini ya dakika moja. Ukibadilisha kwenda njia yenye treni moja kila dakika kumi, wastani wako ni dakika tano, hata kama jukwaa liko mbele ya pua yako. Kwa hiyo kituo chenye korido fupi kinaweza kukuchelewesha kuliko kile chenye korido ndefu, na anayeangalia ramani peke yake hawezi kuliona hilo. Wapanga usafiri wanajua vilevile kwamba abiria huchukia kubadilisha treni kuliko saa inavyoonyesha. Dakika moja ya kupanda ngazi katikati ya msongamano haina uzito sawa na dakika moja ukiwa umekaa kwenye kiti.

Mbona basi vituo havikujengwa vyote kama Oxford Circus?

Jibu la kwanza ni kina. Njia ya kwanza ya treni ya chini ya ardhi duniani, Metropolitan ya London, ilifunguliwa Januari 1863. Ilijengwa kwa kuchimba barabara kama mtaro, kutandika reli, kisha kufunika juu. Njia za namna hiyo ziko karibu na uso wa ardhi. Mwaka 1890 ikaja City and South London, njia ya kwanza ya umeme iliyopita kwenye mahandaki ya kina, yaliyochimbwa chini kabisa ya misingi ya majengo. Njia ya mtaro na njia ya kina zikikutana, kati yake kuna udongo mwingi, na udongo huo abiria anaulipia kwa ngazi. Jibu la pili ni wenye mali. Njia hizi zilijengwa na kampuni za watu binafsi zilizogombea abiria haohao, na kampuni inayogombea haina haraka ya kumrahisishia mteja wake kuhamia kwa mshindani. Chombo kimoja cha umma cha kusimamia usafiri wa London kilianza mwaka 1933, ambapo sehemu kubwa ya mahandaki ya katikati ya mji ilikuwa imeshachimbwa. Kilichobaki kilikuwa kuunganisha yaliyokwisha kujengwa. Mwaka huohuo Bank na Monument, vituo viwili vya majina tofauti, viliunganishwa kwa ngazi za umeme, na hadi leo eneo lile ni kama kijiji cha chini ya ardhi. Mwaka 1960 Bank iliwekewa hata sakafu inayotembea ili kuwavusha watu wa njia ya Waterloo and City.

Ndiyo maana nathamini sana njia ya Victoria. Ilipofunguliwa kwa awamu kuanzia mwaka 1968, wabunifu wake walikuwa na nafasi ambayo waliowatangulia hawakuipata: walijua njia nyingine zote ziko wapi, na mwenye mali alikuwa mmoja. Wakaamua njia mpya iwe ya kuunganisha. Kati ya vituo vyake vyote, ni Pimlico tu kisichounganishwa na njia nyingine. Na penye uwezekano, walileta mahandaki mapya hadi kando ya mahandaki ya zamani, kwa kimo kilekile, ili majukwaa yatazamane. Walifanya hivyo Finsbury Park, Highbury & Islington, Euston, Oxford Circus na Stockwell. Gharama yake haikuwa ndogo. Oxford Circus, Agosti 1963, waliweka daraja la chuma juu ya makutano ya barabara ili magari yaendelee kupita huku ukumbi mpya wa tiketi ukichimbwa chini yake. Daraja hilo lilikaa pale hadi mwaka 1968. Na kwa ajili ya Euston, mahandaki ya Victoria yanapishana kati ya Warren Street na King's Cross, hivi kwamba treni kwenye kipande hicho zinapita upande wa kulia badala ya kushoto kama ilivyo kawaida ya Uingereza. Abiria aliye ndani ya behewa hajui lolote. Anashuka, anavuka, anapanda.

Ubadilishaji wa namna hii, wa kuvuka jukwaa, ndio bora kuliko wote. Lakini una hesabu yake, na hesabu hiyo inaeleza mambo mengi yanayowashangaza watu.

Tuseme kuna njia mbili, ya kijani na ya nyekundu. Kila moja ina treni za kwenda na za kurudi, hivyo abiria anaweza kufika kituoni kwa mojawapo ya treni nne. Kila anayefika anaweza kutaka mojawapo ya pande mbili za njia ile nyingine. Nne mara mbili: kuna safari nane za kubadilisha. Sasa weka majukwaa mawili, moja juu ya lingine. Jukwaa la juu liwe na treni za kijani na nyekundu zinazokwenda, la chini liwe na zinazorudi. Anayetoka kijani ya kwenda akitaka nyekundu ya kwenda anavuka tu, na kinyume chake. Wa kurudi vivyo hivyo. Hizo ni safari nne kati ya nane. Wanne waliobaki, wanaotoka ya kwenda wakitaka ya kurudi, lazima wapande au washuke ngazi. Hata mhandisi awe hodari vipi, kituo kimoja cha namna hii hakiwezi kuwahudumia wote wanane.

Hong Kong walilitatua kwa vituo viwili. Metro yao ilianza kazi mwaka 1979, na njia za Tsuen Wan na Kwun Tong hushiriki majukwaa katika vituo viwili vinavyofuatana, Mong Kok na Prince Edward. Anayetoka Central, katikati ya mji, kwenda upande wa Kwun Tong hubadilisha Mong Kok, ambapo treni mbili zinazoelekea upande mmoja zinashiriki jukwaa. Anayetoka Tsuen Wan kwenda huko huko Kwun Tong hubadilisha Prince Edward, ambapo majukwaa yamepangwa kinyume: treni inayoingia katikati ya mji inashiriki jukwaa na ile inayotoka. Kati ya vituo hivyo mahandaki yanasokotana kama ukili, na matokeo yake ni kwamba safari zote nane zinafanyika kwa kuvuka jukwaa, mradi ujue ushukie kituo kipi kati ya viwili. Singapore wana jozi yao ya namna hiyo, City Hall na Raffles Place. Sijaona kazi ya uhandisi wa reli inayomheshimu abiria kuliko hii. Mtu anayeitumia kila siku huenda hata haioni, kwa kuwa haimpi usumbufu wowote wa kumfanya aitazame.

Mgeni asiyejua hesabu hii hushuka kituo cha kwanza anachokiona kwenye ramani chenye rangi mbili, kisha anajikuta kwenye ngazi akiwa na mizigo. Angevumilia kituo kimoja zaidi, angevuka jukwaa tu. Kwa hiyo njia mbili zikikutana kwenye vituo viwili mfululizo, usidhani ni sawa ushuke popote. Uliza, au sikiliza tangazo ndani ya treni. Hong Kong hutangaza mapema ubadilishe wapi kulingana na unakokwenda.

Kuna tatizo la majina pia. London kuna vituo viwili vinavyoitwa Edgware Road, kimoja cha Bakerloo na kimoja cha Circle na wenzake, na hakuna njia ya ndani inayoviunganisha. Hammersmith pia ni viwili: kimoja cha District na Piccadilly, ambacho ndani yake kuvuka kati ya njia hizo mbili ni kuvuka jukwaa, na kingine ng'ambo ya barabara kwa treni za Hammersmith & City. Moscow wana desturi nyingine. Mara nyingi kila njia huwa na jina lake hata vituo vikiwa vimeunganishwa, kwa hiyo Biblioteka imeni Lenina, Arbatskaya, Aleksandrovsky Sad na Borovitskaya ni majina manne ya mahali pamoja, na unaweza kuyapita yote bila kutoka nje. Mgeni huona tabu mwanzoni, lakini mimi naona mtindo huo una uaminifu fulani. Ukimwambia mwenzako mkutane Borovitskaya, hakuna atakayepotelea kwenye jukwaa la njia nyingine.

Sasa twende Tokyo, kwa sababu huko ndiko suala la wenye mali linapoonekana waziwazi. Mji ule una mitandao miwili ya chini ya ardhi, Tokyo Metro yenye njia 9 na Toei, ya serikali ya jiji, yenye njia 4. Kila mmoja ana nauli yake na mageti yake. Ukitoka mtandao mmoja kuingia mwingine unalipa nauli mbili, ukipunguziwa yeni 70. Katika kituo cha Kudanshita, njia ya Shinjuku ya Toei ilianza kupita mwaka 1980, na ya Hanzōmon, ambayo leo ni ya Tokyo Metro, ikafika mwaka 1989. Majukwaa yao namba 4 na 5 yalikuwa bega kwa bega, kwa kimo kilekile. Wahandisi walikuwa wameshatoa kila kitu ambacho London ilikipata kwa jasho. Katikati yake, lakini, kulikuwa na ukuta.

Ukuta huo ulikuwepo ili nauli za watu wawili zisichanganyike. Abiria aliyeshuka upande mmoja akitaka treni iliyokuwa mita chache nyuma ya ukuta alipanda ngazi, akatoka kwenye mageti ya mmoja, akaingia kwenye mageti ya mwingine, akashuka ngazi tena. Kila siku, kwa zaidi ya miaka ishirini. Naoki Inose, aliyekuwa makamu wa gavana wa Tokyo na baadaye gavana, aliupigia kelele ukuta ule hadharani, na Machi 2013 ukaondolewa. Hakuna handaki lililochimbwa. Mashine za tiketi zilifundishwa kuhesabu nauli za abiria aliyevuka bila kupita geti, basi. Nikisikia watu wakisema kituo fulani hakiwezi kurahisishwa kwa sababu ya gharama, mimi huuliza kwanza: kinachozuia ni udongo, au ni hesabu za nauli?

Geti lina nguvu kwa upande mwingine pia. Baadhi ya vituo haviwezi kuunganishwa kwa ndani, lakini mfumo wa nauli unaweza kukuruhusu utoke nje, utembee barabarani, uingie kituo cha pili, na bado uhesabiwe safari moja. Kadi ya nauli ya London iitwayo Oyster, iliyoanza mwaka 2003, hufanya hivyo kwa jozi kadhaa za vituo, mradi usipitishe muda uliowekwa. Tokyo Metro wana mageti ya rangi ya chungwa kwa kazi hiyo. Ukipita geti la kawaida badala ya la chungwa ukiwa na tiketi ya karatasi, tiketi inamezwa na safari imeisha. Rangi ile ya geti, kwa hiyo, inabeba pesa.

Bado tuko Tokyo. Shibuya ni bonde, jina lenyewe lina maana hiyo, na bonde lile limezaa kichekesho cha kimaumbile: treni ya njia ya Ginza, ambayo ni njia ya chini ya ardhi, inaingia Shibuya ikiwa ghorofa ya tatu juu ya barabara, huku majukwaa ya njia ya Fukutoshin yakiwa ngazi tano chini ya ardhi. Ukisoma ramani, Ginza na Hanzōmon zinakutana Shibuya, kwa hiyo unaweza kubadilisha pale. Wenyeji hawafanyi hivyo. Hushuka Omotesandō, kituo kimoja kabla, ambapo mwaka 1978 majukwaa ya Ginza yalihamishwa ili yakae sambamba na ya Hanzōmon. Unavuka na kuendelea. Akasaka-Mitsuke nayo, kati ya Ginza na Marunouchi, ilijengwa mwaka 1938 kwa ngazi mbili ikiingojea njia ambayo haikuwepo, na njia hiyo ilifika mwaka 1959. Miaka 21 ya kungoja, na tangu hapo mamilioni ya watu wamevuka jukwaa lile bila kupanda ngazi hata moja.

Kitu kingine cha Tokyo ambacho ningependa kila mji uige hakihitaji saruji. Kwenye majukwaa kuna jedwali linaloonyesha, kwa kila kituo kinachofuata, behewa namba ngapi litasimama karibu na ngazi za umeme, lifti, au njia ya kubadilishia. Treni yenye mabehewa kumi ina urefu wa mita 200 hivi. Kwa mwendo wa mita 80 kwa dakika, anayepanda mwisho usio sahihi hupoteza dakika mbili na nusu kabla hata hajaifikia korido. Dakika hizo angeweza kuzitumia kabla ya kupanda, akitembea kwenye jukwaa huku akingoja treni ambayo ingemngojesha hata hivyo. Ni muda uleule, umehamishwa tu mahali ambapo hauumi. Katika njia ya Elizabeth ya London, iliyofunguliwa Mei 2022, jambo hili lina uzito mkubwa zaidi. Treni zake zina mita 205, na kituo chake cha Liverpool Street kinatokea Moorgate upande wa pili. Ukishukia behewa la upande usiofaa, umetokea kituo kingine chenye jina lingine.

Yote niliyoeleza mpaka hapa yamepimwa kwa mtu anayeweza kupanda ngazi. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, ramani ni nyingine kabisa. Kituo ambacho wenzake wanakimaliza kwa dakika mbili kinaweza kuwa na lifti tatu, kila moja mwisho wa korido yake, au kisiwe na lifti yoyote, na bado kikahesabiwa kituo cha kubadilishia treni. Jukwaa la kuvuka ndilo pekee linalowapa watu wote muda unaokaribiana, kwa sababu hakuna cha kupanda. Hata hapo, nafasi kati ya treni na jukwaa na tofauti ya kimo kati yao vinaweza kumzuia mtu asishuke kabisa, na kwenye mahandaki ya zamani yenye majukwaa yaliyopinda nafasi hiyo ni kubwa. London hutoa toleo la ramani linaloonyesha ni wapi unaweza kutoka barabarani hadi ndani ya treni bila ngazi, na ni wapi unafika jukwaani tu. Ukiliweka kando ya ramani ya kawaida, utaona maduara mengi yaliyobeba jina la kubadilishia treni yakipungua mbele ya macho yako.